Acheni Kutuuzia Koitobos ya Siku Moja

Wasee, nimefuta ile video.

Wale mmenifuata tangu mwanzo mnaijua. Sekunde 58, mimi na raba nyeupe, hudi ya pamba, soda mkononi, nyuma yangu ile miamba bapa ya Koitobos, na maandishi makubwa: "Kitale mpaka mita 4,222 na kurudi kabla ya giza. Hakuna kisingizio." Ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Mpaka wiki iliyopita bado mlikuwa mnatumiana kwenye magrupu. Nimeifuta Jumanne usiku. Leo nataka kusema kwa nini, halafu niwaseme wale ambao bado wanauza ile ndoto kwa sh 3,500, chapo mbili ndani.

Agosti mwaka jana, shule zikiwa zimefungwa, kikundi kimoja kilitangaza safari ya Koitobos kwenye stetasi. Jina sitalitaja, msije inbox kukisia. Bango lao lilikuwa na kipande cha video yangu. Hawakuniomba, lakini ukweli usemwe, wangeniomba ningekubali, na nilipoliona nilifurahi. Binamu yangu wa Bungoma, mtoto wa senge, alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Akaliona, akanipigia. "Bro, si wewe ndio ulisema hata na raba inawezekana?" Nikamwambia inawezekana. Akakopa nauli. Mimi niliingia bure, kwa sababu mimi ni "mtu wa video".

Tulikuwa 14. Tuliondoka Kitale saa tisa usiku, tukapita Endebess kukiwa giza, tukafika lango la Chorlim saa kumi na mbili. Pale tukahamia magari ya kupanda mlima, yakatupeleka kwa ile barabara ya matope mpaka inapoishia, karibu mita 3,500. Tulianza kutembea saa nne na nusu. Binamu alikuwa ameshaanza kulalamika kichwa. Saa sita akatapika. Kiongozi wa msafara akasema, "Hiyo ni njaa tu, piga soda," akaenda mbele na wale wenye mbio.

Saa saba na kitu wingu likatoka upande wa Uganda. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuwa pale: halikuja kama mvua ya Bungoma, ile unaiona ikivuka mashamba ya miwa unaanua nguo. Dakika moja nilikuwa naona kilele, dakika nyingine sikuona mtu aliye hatua kumi mbele. Halafu mvua ya mawe. Nyasi zikawa nyeupe. Sisi sote tulikuwa na pamba mwilini, hudi na jinzi, zikanyonya maji kama godoro.

Binamu akaacha kulalamika. Hapo ndipo ningejua. Aliangusha simu mara mbili. Akashindwa kufunga zipu. Akaanza kuongea kama mtu ana ugali mdomoni, na kuyumba. Na mimi, wasee, nilichukua video. Nikasema kwa ile sauti yangu ya kuchekesha, "Oneni mlevi wa Koitobos."

Dada mmoja kwenye kikundi, anasomea unesi, ndiye aliyenisukuma kando. Akasema huyu si mlevi, huyu baridi imeingia ndani. Akamvua ile hudi iliyolowa, akampa sweta lake kavu kutoka kwa karatasi, tukamkumbatia katikati yetu wawili, tukaanza kushuka naye polepole. Begi la huduma ya kwanza, kama lilikuwepo, lilikuwa mbele na kiongozi, kileleni, likipigwa picha. Tulifika Kitale saa nne usiku, tukampeleka hospitalini. Daktari alisema baridi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, na kimo kilikuwa kimemwongezea.

Yuko sawa leo. Senge alinipigia kesho yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikupa mtoto," akakata simu. Nilikaa na hayo maneno mwaka mzima na video bado iko juu, inaingiza wafuasi.

Sasa twende kwenye mlima wenyewe, kwa sababu uongo wa kwanza unaouzwa ni kwamba Elgon ni kilima kikubwa tu. Haina barafu ya kudumu kama Mlima Kenya, haihitaji kamba, gari linafika karibu na juu, basi ni pikiniki. Ni kweli njia za kawaida hazihitaji kamba. Lakini angalia namba. Wagagai, kilele kirefu kabisa, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Koitobos yetu ni 4,222. Eiger, ule mlima wa Uswisi unaojulikana dunia nzima kwa kuua wapandaji, una mita 3,967. Sisemi Koitobos ni hatari kama Eiger. Kule watu wanaanguka kwenye ukuta wa mwamba na barafu. Nasema hewa haijui kama unapanda ukuta au unatembea kwenye nyasi ukipiga selfi.

Kitale tuko kama mita 1,900. Presha ya hewa hapa ni karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Juu Koitobos inashuka mpaka asilimia 60 hivi. Kila pumzi unayovuta ina oksijeni kidogo kuliko mwili wako ulivyozoea, na mwili unahitaji siku kadhaa kujirekebisha. Madaktari wa milima wanashauri ukishapita mita 3,000, usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Safari ya siku moja inakutoa kitandani Kitale na kukuongezea mita 2,300 kwa saa kumi. Binamu yangu maisha yake yote yako Bungoma, mita 1,400 hivi. Fanya hesabu.

Na lile gari ndilo linalodanganya. Ungepanda kwa miguu kutoka msituni, mwili ungekuonya mapema, ungechoka, ungekaa chini, ungelala njiani. Gari linakurusha mita 3,500 ukiwa umeketi unasikiza muziki, unashuka ukijihisi simba.

Waandaaji wana jibu moja, nalijua kwa sababu nililitumia pia: "Tumepeleka mamia, wote wamerudi." Sawa. Lakini ugonjwa wa kimo mara nyingi huchukua saa kadhaa kabla ya kujitokeza, wakati mwingine mpaka usiku. Wengi wanakuwa wameshashuka kabla haujawashika vizuri. Wanaumwa kichwa wakiwa nyumbani Milimani, wanameza Panadol, wanasema ni uchovu. Kilichowaokoa ni saa, wala sio yule kiongozi. Siku gari likwame kwenye matope, au mtu ateguke kifundo cha mguu juu kule, hizo saa zinakwisha na nyinyi 14 mnalala kwenye mita 3,800 na hudi zilizolowa.

Uongo wa pili unaniudhi zaidi, kwa sababu sisi watu wa huku hatungepaswa kuuamini. Ni ule wa "Agosti ni msimu wa kiangazi mlimani". Umetoka Nairobi. Kwa Mlima Kenya uko karibu na ukweli, watu hupanda kati ya Juni na Septemba kukiwa na afadhali. Mtu anachukua kalenda hiyo, anaibandika kwa Elgon, na bango linatoka.

Muulize mkulima yeyote wa Trans Nzoia. Tunapanda mahindi Machi na Aprili, tunavuna Oktoba na Novemba, msimu mmoja mrefu. Mahindi yanakula nini Julai na Agosti? Mvua! Kukhu yangu wa Kimilili hajawahi kufungua programu ya hali ya hewa maishani mwake, lakini ukimwambia unapanda Elgon Agosti atakuuliza kama una akili. Asubuhi kunakuwa safi, jua linawaka, unapiga picha. Mchana mawingu yanapanda mteremko, alasiri radi. Na radi za ukanda huu wetu wa ziwa si za kuchezea, kila mwaka tunasikia za shule na za ng'ombe chini ya mti. Sasa jiweke wewe mahali ambapo hakuna mti, kitu kirefu kabisa ni lobelia na fimbo yako ya selfi.

Msimu wa maana ni Desemba mpaka Februari. Hata huo una shida zake: anga likiwa wazi usiku, baridi inashuka chini ya sifuri, asubuhi unakuta hema lina barafu nyembamba. Lakini angalau unaona unakokwenda. Kwa nini basi safari nyingi ni Agosti? Kwa sababu Agosti ndio likizo, na likizo ndio wateja. Hakuna sababu nyingine.

(Najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti kuhusu Kitum na Marburg. Ndiyo, yule Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Nzoia mwaka 1980, na kijana wa Kidenmaki mwaka 1987, wote walikuwa wameingia pango la Kitum, na wote walikufa. Na baadaye virusi vilipatikana kwa popo wa pango hilo. Kwa hivyo usiingie kushikashika kinyesi cha popo, mbona ushike kinyesi cha popo hata hivyo? Lakini inashangaza vile mtu anaogopa virusi vya 1980 na haogopi kupanda mita 4,000 na jinzi.)

Tuongee juu ya jinzi basi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kama nyuzi 6. Kitale ikiwa 25 mchana, Koitobos ni kama 10, kabla hujahesabu upepo. Nyuzi 10 ukiwa mkavu ni sawa, unavaa sweta. Nyuzi 10 ukiwa umelowa na upepo unapiga ni kitu kingine kabisa, kwa sababu maji yanatoa joto mwilini zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Pamba ikilowa haikupi joto tena, inakuibia. Watu hufikiri baridi inaua kwenye theluji tu. Inaua hata kwenye mvua ya kawaida, na dalili zake ni zile nilizozichekea: kuangusha vitu, kujikwaa, kugugumia. Mtu akiacha kutetemeka na bado amelowa, usifikiri amepata nafuu. Amezidiwa.

Na ukiwa na wasiwasi kwamba kimo kimefika kwa ubongo, mtembeze kwa mstari, kisigino kwa kidole, kama askari wa barabarani akimpima mlevi. Akishindwa, mnashuka saa hiyo hiyo. Sio baada ya picha ya kundi. Kushuka ndiyo dawa ya kwanza, hata mita 500 zinaweza kubadilisha mambo.

Hapa ndipo watu wa vifaa wanaingia. Wale wa komenti za "huwezi kupanda mlima bila buti za elfu ishirini na jaketi la Ulaya". Na nyinyi pia mnatukosesha. Kijana wa Matisi akisikia vifaa ni elfu hamsini, anaamua kwamba usalama ni wa matajiri, na anaenda na raba. Mmemsukuma mikononi mwa yule wa sh 3,500.

Halafu kuna hoja ninayoipenda kuliko zote: "Wachungaji wa Chepkitale wako kule juu kila siku na gamboti na shuka, mbona hawafi?" Wacha nikwambie mbona. Wa-Ogiek wa Chepkitale wanaishi kule, juu ya mita 3,000. Damu yao imezoea, wamelala huko tangu utotoni. Mwaka 2022 mahakama ya ardhi hapa Bungoma ilisema ile ni ardhi yao ya jadi, na wewe unadhani wamepitia yale yote wakiwa wageni wa ule mlima? Niliwahi kupanda kwa njia ya Kaberwa na kijana mmoja wa huko, tumelingana umri. Saa tano asubuhi, jua linawaka, akaangalia juu akasema turudi. Mimi sikuona kitu. Tulirudi, nikanung'unika njia yote, na saa nane ikanyesha mpaka kijito tulichokiruka asubuhi kikawa mto.

Na hizo gamboti mnazozicheka ni kifaa cha maana. Kule juu ni bwawa na nyasi za mafungu, raba inajaa maji kwa dakika tano. Gamboti na soksi mbili za sufu zinakushinda wewe na Air Force zako, mchana kweupe. Shuka zito la sufu nalo linahifadhi joto hata likilowa kiasi. Mchungaji amevaa vizuri kuliko wewe, ila yeye hana nembo.

Kwa hivyo nenda mitumba. Siku za soko Kitale, au pale Bungoma mjini, fika mapema kabla vitu vizuri havijaisha. Unatafuta sweta la sufu au zile jaketi laini za manyoya ya plastiki, uziguse, kama ni pamba rudisha. Suruali ya trakisuti ya nailoni badala ya jinzi. Koti la mvua ambalo ukimwagia maji kwa mgongo hayapiti, na ulimwagie kweli kabla ya kulipa, muuzaji atanung'unika, mwache anung'unike. Marvin, glavu, soksi mbili. Nguo kavu moja zaidi imefungwa kwa karatasi isiyopitisha maji, na hiyo huigusi mpaka ulowe. Sweta la yule dada wa unesi lilikuwa hivyo, ndiyo maana binamu yangu yuko hai. Tochi ya kichwani, kwa sababu simu itakufa kwa baridi. Filimbi ya refa: milio sita kwa dakika, unanyamaza dakika moja, unarudia, duniani kote inaeleweka kwamba mtu anaomba msaada. Na kama mzee wako ana turubai la kuanikia mahindi, omba kipande. Kundi la watu wanne chini ya turubai moja wanapashana joto kuliko unavyofikiria. Ukikaa kwa bei ya mitumba, hayo yote hayafiki bei ya raba zako.

Kuna wale watasema sasa wewe umekuwa mwoga, hata wa Everest hufa. Naheshimu hilo jina likitajwa. Cheruiyot Kirui alifia Everest Mei 2024 akijaribu kupanda bila mtungi wa oksijeni, na mwongozaji wake Nawang Sherpa akafa pia. Lakini Kirui alikuwa ameshapanda Manaslu bila oksijeni mwaka uliotangulia. Alijua anaenda kucheza na nini. James Kagambi, Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 2022, alikuwa na miaka 62 na nyuma yake miaka mingi ya kufundisha watu milima. Hao walichagua hatari wakiwa macho wazi. Binamu yangu hakuchagua kitu, alinunua bango. Usimtumie mtu wa Everest kama ngao ya kuuza tiketi kwa mtoto wa kidato cha nne.

Na nani atakuja kukuchukua? Hili halimo kwenye bango lolote. Mwaka 1970 daktari mmoja wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya, akavunjika mguu. Ilichukua zaidi ya wiki kumshusha, na waokoaji walikuja mpaka kutoka Austria. Aliishi. Rubani Mmarekani aliyejaribu kusaidia kwa helikopta, Jim Hastings, alikufa. Hiyo ni Mlima Kenya, na mhanga alikuwa na mwenzake hodari juu ya mwamba. Huku kwetu watakaokuja ni askari wa mbuga kwa miguu na wachungaji, kwenye ukungu, kwenye njia za nyati na ndovu, na mtandao wa simu unapotea ukivuka kilima kimoja. Unapopanda na raba, unawapangia hao watu usiku wao pia.

Ndiyo sababu sitaki kusikia tena neno "mwongozaji" likitumika ovyo. Sisi tunaita "gaidi", kwa mchezo tu, ile ya Kizungu iliyogongana na Kiswahili. Wengine wanalistahili kabisa hilo jina kwa Kiswahili chake. Mtu aliyewahi kufika Koitobos mara mbili na ana fulana yenye nembo hajawa mwongozaji. Kabla ya kutuma pesa, muulize: ukiona mtu anatapika unafanya nini? Akisema "tunampa soda", umeokoa sh 3,500. Muulize saa ngapi mnageuka hata kama kilele kiko dakika 20 mbele. Kama hana saa, hana mpango. Muulize nani anatembea nyuma kabisa. Kule kwetu nyuma kabisa alikuwa binamu yangu.

Najua mtakachosema, na ni cha haki: bro, safari ya siku tatu na hema, malipo ya mbuga na chakula ni pesa ngapi? Ni nyingi. Mimi mwenyewe siwezi kila mwezi. Kijana wa Webuye aliyefanya kibarua wiki nzima anataka kuona juu ya mlima anaouona kila asubuhi kutoka mlangoni kwao, na hiyo ni haki yake kuliko mtalii yeyote. Kitu kinachonichoma ni kwamba yule muuzaji anajua hilo, na anakata mahali pasipoonekana. Chapo inaonekana kwenye picha. Usiku mmoja wa kulala kwenye mita 3,000 ili mwili uzoee hauonekani, kwa hivyo ndio unakatwa kwanza.

Kama una sh 3,500 tu, zitumie mahali zinatosha. Chetambe, juu ya Webuye, pale Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895, unapanda na kushuka na bado una nauli ya kurudi. Sang'alo. Ndani ya mbuga yenyewe kuna Endebess Bluff, mita 2,563, unaona Trans Nzoia yote chini yako kama meza, na ukipata mvua unalowa tu, unarudi gari, unacheka. Fanya hizo mara tano na begi kamili mgongoni. Weka akiba, mjikusanye sita mnaoaminiana, Januari mlale usiku mbili kabla ya kilele. Na wale mnaopanga safari, kama mnataka kupunguza bei, punguzeni fulana.

Halafu sisi. Watu wa kamera. Ukipanda bure, sema umepanda bure. Kama mtu ametapika, video isionyeshe kilele tu. Na tuache ile "hakuna kisingizio". Baridi si kisingizio. Wingu si kisingizio. Mimi nilikuwa na picha ya binamu yangu akiyumba, sekunde 11, na kwa wiki mbili niliiacha kwenye simu nikifikiria kama ningeweza kuifanyia kitu. Hiyo ndiyo kazi hii inafanya kwa akili yako ukiiachia.

Jumanne, kile kikundi kilinitafuta tena. Agosti hii, Koitobos, siku moja, watu 30 sasa. Walituma sh 5,000 za mbele kabla hata sijajibu, na ujumbe: "Tumia ile clip yako ya zamani, inavuta watu." Niliwauliza nani atakuwa nyuma kabisa. Wakatuma emoji ya kucheka.

Pesa nimezirudisha leo asubuhi, na ada ya kutuma nimelipa mimi. Senge nimemtumia hii posti kabla ya kuiweka hapa. Amesoma, hajajibu bado.